V/mil na kV/mm: karatasi ipi ya sloti ina nguvu zaidi?

Fundi Mafiati
Wakuu, habari za kazi. Nina kibanda cha kusuka mota hapa Mafiati, Mbeya. Wateja wangu wengi ni wenye mashine za kusaga na kukoboa, Mbarali mpaka Chunya. Muuzaji kaniletea rola mbili za karatasi ya sloti (ile inayotenganisha waya na chuma cha mota) nichague. Moja lebo yake ni ya Kimarekani: unene 10 mil, kuhimili umeme 800 V/mil. Nyingine ya China: 0.25 mm, 28 kV/mm. Ya Kimarekani bei yake inakaribia mara mbili. Kijana wangu anasema hapa hakuna cha kufikiria, elfu ishirini na nane na mia nane wapi na wapi, tuchukue ya China. Mimi moyo unakataa. Ukizishika zote unene ni ule ule, na ya Kimarekani ukiikunja kona haipasuki. Mwenye hesabu anisaidie kuzileta kwenye kipimo kimoja. Mota iliyo mezani ni ya volti 400, HP 20.

Kamwene_Kihesa
Gawa V/mil kwa 25.4 unapata kV/mm. 800 ÷ 25.4 = 31.5. Ya Kimarekani imeshinda. Kwisha.

Mzee wa Makambako
Haijaisha, kaka. Hesabu ni sahihi ila huyo kijana wa Mafiati bado hajaambiwa 25.4 imetoka wapi, kesho atagawa mahali pa kuzidisha.

Mil ni sehemu moja ya elfu ya inchi. Haina undugu na milimita. Inchi tangu mwaka 1959 ilikubaliwa kuwa milimita 25.4 kamili, kwa hiyo mil moja ni 0.0254 mm. Sasa volti 800 kwenye unene wa 0.0254 mm ni volti 31,500 hivi kwenye milimita nzima, yaani 31.5 kV/mm. Ukitoka kV/mm kwenda V/mil unazidisha: 28 × 25.4 = 711. Kama lebo imeandikwa V/m ya vitabu vya fizikia, 1 kV/mm ni volti milioni moja kwa mita. Mwenye V kwa inchi azidishe kwa 39.37 apate V/m. Anayesoma mil kama milimita ataona karatasi ya Kimarekani ni dhaifu mara 35 kuliko ya China, na ndicho kilichompata kijana.

Sasa njoo kwenye karatasi yenyewe. 10 mil × 800 ni volti 8,000. Ya China 0.25 × 28 ni volti 7,000. Mota ya 400 iliyosukwa upya yote hupimwa kwa mara mbili ya volti zake ukiongeza 1,000, yaani 1,800 kwa dakika moja. Zote mbili zinavuka bila kutokwa jasho! Kwa hiyo ukilipa mara mbili kwa ajili ya tofauti ya 31.5 na 28, umelipia namba tu.

Halafu usije ukachukua kV/mm ya karatasi nyembamba ukaizidisha na unene wa nene. Karatasi ikiongezeka unene, volti inazohimili kwa kila milimita hupungua. Nene ina nafasi zaidi ya kuwa na kasoro ndani, na joto lake halitoki upesi. Ndiyo maana filamu nyembamba za plastiki zinaandikwa namba za kutisha. Linganisha karatasi za unene unaokaribiana, kama hizo zako.

Mimi ningeangalia daraja la joto, yaani joto la juu ambalo karatasi inahimili. B ni nyuzi 130, F ni 155, H ni 180. Mota za kusaga zinaletwa kwako zimeungua kwa sababu zilizidishiwa mzigo au fezi moja ilikatika, na karatasi ikageuka mkaa. Volti 400 peke yake haijatoboa karatasi nzima hata siku moja.

Fundi Mafiati
Ndaga fijo, mzee wangu. Lebo ya China haina daraja lolote, nimeigeuza pande zote. Ya Kimarekani imeandikwa H. Na je, huku kwetu juu hewa nyepesi inabadilisha chochote?

Binti Rungwe
Inabadilisha, lakini kwenye hewa, si ndani ya karatasi. Hewa usawa wa bahari inahimili takriban 3 kV/mm, sawa na 76 V/mil. Mbeya tuko kama mita 1,700, hewa ni chache, kwa hiyo inashuka kufika karibu 2.5. Kwa volti 400 kwenye boksi la nyaya hutaiona tofauti. Wenye laini za 33 kV ndio wanaopaswa kuongeza nafasi, kwa kukadiria asilimia 1 kwa kila mita 100 ukipita mita 1,000.

Mzee wa Makambako
Binti kasema vizuri, ila mota nayo inaguswa kwa njia nyingine. Mota nyingi zimepangiwa kazi mpaka mita 1,000. Hewa nyepesi inapooza vibaya, basi hiyo HP 20 ikivutishwa mzigo wote huko Mbeya inachemka kuliko ingekuwa Dar. Daraja la joto tena.

Kamwene_Kihesa
Kumbe ile bei mara mbili analipia H.

Mzee wa Makambako
Analipia H, ndiyo. Lakini H ya karatasi peke yake haina maana kama waya na vanishi ni vya B, maana kitakachoungua kwanza ndicho kitakachokurudishia mteja. Fundi, waya wako ni wa daraja gani?

Fundi Mafiati
Waya ni F, vanishi pia F. Basi namwambia muuzaji aniletee karatasi ya F yenye lebo kamili, hizi mbili azirudishe.