Mjadala: Hoover alikalia kiti miaka 48. Mkuu wa wapelelezi awekewe ukomo, au aachwe afanye kazi?

Mleta mada, Mwanjelwa:

Wakuu, salaam. Jumamosi mvua ilitufungia kwenye kibanda cha kahawa hapa Mwanjelwa. Maongezi yalianza na wizi wa betri za bajaji, yakaishia Washington. Fundi mmoja tunayemheshimu sana akasema: "Nchi ikitaka kunyooka imtafute mtu kama yule Hoover wa FBI, apewe kiti, asiguswe mpaka afe." Kibanda kizima kikamuunga mkono. Mimi nikapinga, nikazomewa, na mvua ikakatika kabla sijafika popote. Namalizia hapa, na fundi najua unasoma.

Nianze na sifa zake, maana si za kubeza. J. Edgar Hoover, aliyekuwa mkuu wa FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, mzaliwa wa Washington, 1895, alisoma sheria huku akifanya kazi Maktaba ya Bunge la Marekani. Kazi ya maktaba ni kadi: kila kitabu na kadi yake, kila kadi na droo yake, ukiitaka unaivuta. Mwaka 1919, ana miaka 24, Wizara ya Sheria ikampa kitengo cha kufuatilia walioitwa wachochezi, naye akauhamisha ujuzi ule kutoka kwa vitabu kwenda kwa watu. Alipokabidhiwa ofisi ya upelelezi Mei 1924 aliikuta inanuka rushwa na watu wa kupachikwa. Akawafyeka. Akapendelea kuajiri wanasheria na wahasibu, akakusanya mahali pamoja alama za vidole zilizokuwa zimetawanyika, akafungua maabara 1932 na chuo cha kufundisha polisi 1935.

Sasa tatizo. Kadi ya jambazi na kadi ya mchungaji zinakaa droo moja. Martin Luther King, mchungaji aliyepigania haki za Wamarekani weusi, alinaswa simu, akawekewa vinasa sauti hotelini, na Novemba 1964 watu wa Hoover wakamtumia kanda pamoja na barua isiyo na jina. King aliisoma akaelewa anaambiwa ajiue. Fred Hampton wa Black Panther, chama cha wanaharakati weusi, kijana wa miaka 21 wa Chicago, alikuwa na mtoa taarifa wa FBI ndani ya kundi lake. Kutokana na huyo ikapatikana ramani ya nyumba, mpaka kitanda anacholalia. Alfajiri ya 4 Desemba 1969 polisi waliingia wakampiga risasi. Na huyo Hoover anayesifiwa kwa majambazi alikana miaka na miaka kwamba Marekani ina mtandao wa Mafia wa nchi nzima, mpaka 1957 polisi wa jimbo la New York walipowakurupusha mabosi wao wamekusanyika kwenye nyumba moja huko Apalachin, suti zao zinakimbia porini.

Niwaeleze kwa nini hili linanigusa. Marehemu babu yangu alikuwa balozi wa nyumba kumi huko Tukuyu. Alikuwa na kaunta buku lenye gamba jeusi, penseli imefungwa kwa uzi wa gunia. Mwanzoni mlikuwa na mistari mifupi tu: mgeni, ametoka Kyela, siku tatu. Kadiri miaka ilivyokwenda mistari ikarefuka. Nani kalala wapi, nani anapika gongo, mume wa fulani karudi saa ngapi. Babu hakuwa mtu mbaya. Lakini nilikua nikiona mkungu wa kwanza wa kila mgomba ukishushwa kwetu, na wanaoushusha hawakuwa wakicheka. Alipofariki, kabla matanga hayajaanuliwa, bibi alilichana lile buku akalitia motoni, moto uleule wa chai ya waombolezaji. Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia, "Lete kuni."

Hoover alifariki 2 Mei 1972, bado ni mkurugenzi, ana miaka 77. Katibu muhtasi wake, Helen Gandy, alitumia wiki kadhaa kuharibu mafaili yake binafsi. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka bibi.

Kwa hiyo msimamo wangu: ukomo uwepo. Sisemi hivyo kwa kuwa mtu huharibika akikaa sana, ila daftari linaponenepa mikononi mwa mtu mmoja linageuka kuwa lake. Karibuni, fundi akiwa wa kwanza.

Mstaafu, Kihesa:

Kamwene, kijana. Umeandika vizuri lakini mzigo wote umembebesha mmoja. Nimevaa magwanda miaka 31, nakuuliza: yale mafaili nani alikuwa anayasoma? Hoover alifanya kazi chini ya marais wanane. Roosevelt ndiye aliyemwita 1936 akamtaka afuatilie wakomunisti na mafashisti. Kunasa simu za King kulisainiwa na Robert Kennedy, Mwanasheria Mkuu, Oktoba 1963. Johnson alimwondolea sharti la kustaafu akiwa na miaka 70. Wakubwa walikuwa wanafungua bahasha zake kama mtu anavyofungua karanga.

Na kuna upande ambao kibanda chenu cha kahawa hakikuufikia. Mwaka 1942 wakati Wamarekani wenye asili ya Japani wanakusanywa makambini, Hoover alipinga. Mwaka 1970 Ikulu ya Nixon ilipoleta mpango wa kuvunja majumba na kufungua barua za watu, aliyeukwamisha ni yeye. Tuseme alikuwa analinda himaya yake, sawa, lakini ulikwama. Mtu wa mkataba mfupi anaweza kumwambia rais hapana? Mwenye miaka miwili anasema "ndiyo mzee" na kesho anaulizia nyumba ya serikali.

Mama viazi, Makambako:

Mimi gunia zangu nne zimeibwa stendi mwezi uliopita. Huyo wa alama za vidole naomba mniletee hata wiki moja, ukomo wake nitampangia mwenyewe.

Mwanafunzi wa sheria, Iringa mjini:

Shikamoo mzee wa Kihesa. Mama, pole kwa viazi.

Wamarekani wenyewe walishajibu swali la mada. Sheria ya 1968 ikataka mkurugenzi ajaye athibitishwe na Seneti, na ya 1976 ikaweka kipindi kimoja cha miaka 10. Lakini someni vizuri: miaka 10 ni dari, sakafu haipo. Rais anaweza kumfukuza wakati wowote. William Sessions aliondolewa 1993, James Comey 2017. Na dari lenyewe linasogezwa, maana Robert Mueller aliongezewa miaka miwili mwaka 2011 kwa sheria maalumu. Ukiweka ukomo bila kinga umemtoa Hoover ukaleta mtu wa kutetemeka. Hapo mzee ana hoja yenye mashiko.

Mimi nisipokubaliana na wote wawili ni hapa. Aliyemweka Hoover wazi hakuwa rais wala sheria. Usiku wa 8 Machi 1971, dunia nzima imetega masikio kwa pambano la Muhammad Ali na Joe Frazier, raia wanane walivunja ofisi ndogo ya FBI mji wa Media, Pennsylvania, wakabeba mafaili kwenye masanduku ya nguo na kuwapelekea waandishi wa habari. Humo ndipo lilipopatikana neno COINTELPRO, mpango wa siri wa FBI wa kuhujumu makundi ya kisiasa, ulioanza 1956. FBI iliwasaka kwa miaka mitano, na kesi ikafungwa bila kumpata hata mmoja. Baadaye Kamati ya Seneti ya Frank Church ndiyo iliyoyaanika yote. Kwa hiyo tuulize nani anaruhusiwa kufungua droo, kabla ya kuuliza bosi akae miaka mingapi.

Na tusidhani ni mambo ya ng'ambo tu. Pete O'Neal, aliyeongoza Black Panther wa Kansas City, alikimbia kesi ya bunduki akafika Tanzania 1972, akaweka makazi Imbaseni karibu na Arusha.

Mleta mada, Mwanjelwa:

Mwanasheria, nimekuelewa, droo nakubali. Ila usinisogeze mbali na miaka. Kamati ya Church ilikaa 1975, Hoover keshazikwa, baada ya mwili wake kulazwa kwa heshima kwenye jengo la Bunge. Akiwa hai nani angethubutu kumwita kwenye meza ile? Wabunge wenyewe waliamini wana faili kwake. Droo haifunguki wakati mwenye ufunguo anajua siri ya kila anayetaka kuifungua.

Mzee wa Kihesa, shikamoo. Nina swali moja kwako, na si la ugomvi. Katika ile miaka 31, uliwahi kuona faili likichomwa?

Mstaafu, Kihesa:

Marahaba. Ukipita Iringa, njoo nyumbani uniulize hilo. Hapa hapana.