Tupeane uzoefu: mwili wako ulikubali lini kuguswa tena?

Shingo Ngumu:
Wakuu, habari za muda huu. Uzi huu si wa masaji ya kubonyezwa mpaka mifupa ilie. Nataka tuongelee ile ya taratibu, hasa kwa waliopitia jambo zito: ajali, kipigo, uzazi uliokwenda vibaya, chochote ambacho akili inasema kimeisha ila mwili bado hauamini.

Naanza mwenyewe. Nilipata ajali ya gari. Majeraha yalipona, eksirei zikaonyesha sina tatizo, lakini shingo ilibaki kama gogo miaka miwili. Nikaenda kwa mchuaji mmoja mwenye mikono kama nyundo. Kila nikishtuka ananiambia "jiachie". Sasa mtu anajiachiaje kwa amri? Nilitoka pale taya zinauma kwa kukaza meno, na usiku sikupata usingizi.

Wa pili nilimwendea baada ya muda mrefu, tena kwa kusitasita. Robo saa ya kwanza hakunigusa kabisa. Aliuliza tu. Kuna sehemu hutaki niiguse? Utalala chali, kifudifudi, au ukae kwenye kiti? Mlango ukiwa upande gani unatulia? Tukakubaliana kwamba nikiinua kidole anaacha, bila kuulizana kwa nini. Basi akaweka kiganja juu ya blanketi, kwenye kifundo cha mguu. Shingo ndiyo mbovu, yeye yuko mguuni! Nikainua kidole, kumjaribu tu. Mkono ukaondoka palepale. Nikamwambia rudisha. Aliporudisha, tumbo likanguruma chumba kizima kikasikia. Nikaona aibu, yeye akasema hiyo ni dalili nzuri, tumbo hurudi kazini mwili ukiona hatari imepita. Shingo aliigusa siku ya tatu nilipokwenda.

Haya, na nyie?

mpitanjia:
Shingo ya miaka miwili, dawa yake kushikwa kifundo cha mguu? Mkuu, ulilipia kulala. Sipingi lakini.

Mama Wawili:
@mpitanjia cheka tu. Mimi baada ya kujifungua kwa upasuaji wa dharura sikuweza kuvumilia mkono wowote tumboni, hata wangu mwenyewe. Nikioga nilikuwa naruka pale na sabuni. Dada aliyenisaidia alianza kwa kuweka mkono WANGU juu ya tumbo, halafu wake juu ya wangu. Mimi ndiye niliyekuwa naamua uzito. Wiki ya nne nikagusa kovu. Upande mmoja lina ganzi mpaka leo, ila sasa naliosha.

Mchuaji Mpole:
Mimi ni wa upande wa pili wa kitanda. Mpitanjia, ngoja nikueleze kidogo. Ngozi yenye vinyweleo, kama ya mkono wa mbele na mgongo, ina nyuzi nyembamba za neva ambazo kazi yake kubwa si kukuambia umeguswa wapi, bali kukufanya uhisi kwamba mguso unapendeza. Zinaitikia zaidi mpapaso mwepesi wa sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde, wenye joto la ngozi. Ukienda mbio kama unafuta meza, zinapoa. Mwaka 2002 watafiti wa Sweden, akina Håkan Olausson, waliandika habari za mwanamke aliyepoteza neva nene za mguso. Wakimpapasa mkono taratibu kwa brashi laini alihisi kitu kwa mbali, na akasema kinapendeza.

Hata hivyo, mpapaso uleule kwa mtu mwenye hofu ni kero tupu. Hapo ndipo nilipokosea miaka ya mwanzo. Nilidhani mteja aliye kimya amestarehe. Kumbe kuna kutulia na kuna kuganda. Aliyeganda anapumua juu juu, vidole vya miguu vimejikunja, ukimuuliza "sawa?" anajibu "sawa" kabla hujamaliza. Mmoja alinijibu sawa saa nzima, mwisho akasema hakumbuki nilichofanya. Niliumia sana. Siku hizi nauliza: niongeze, nipunguze au niache? Hapo hawezi kujibu bila kuchagua.

Na hizi habari za "kuwasha" neva ya vagasi, ile inayosaidia mwili kutulia, kwa kubonyeza pembeni ya shingo, achaneni nazo. Neva hiyo inatoka shina la ubongo hadi tumboni, si swichi ya taa, na hapo shingoni inapita sambamba na mshipa mkubwa wa damu.

Kimya Kingi:
Niseme upande usiopendeza. Nililia kitandani, na yule mtoa huduma akafurahi. "Toa yote, toa yote," huku anaendelea kubonyeza. Usiku tatu mfululizo ndoto mbaya. Nilidhani nimepona, kumbe nimefunguliwa nikaachwa wazi. Aliyenirudisha ni mtaalamu wa afya ya akili, kwa tiba ya EMDR, ile ya kufuatisha macho huku unakumbuka tukio kidogokidogo. Masaji nilirudia baadaye kwa mtu mwingine, dakika 20 tu, nikiwa na nguo zangu zote. Hakuniuliza yaliyonipata. Ndiyo sababu nilirudi kwake.

Mchuaji Mpole:
@Kimya Kingi pole sana. Mteja akianza kulia mimi nasimamisha mkono, namuuliza niutoe au ukae, namwambia afungue macho aangalie chumba. Kumsukuma alie zaidi si kazi yetu.

Bingwa wa Mabega:
Wanaume nasi tumo? Mimi sina wa kunigusa na kwa sasa sitaki. Nafanya mwenyewe. Nasugua viganja vipate joto, najikumbatia, kisha napapasa kutoka begani hadi kwenye kiwiko, polepole hadi inachosha. Pumzi naitoa ndefu kuliko ninavyoivuta, maana moyo hupunguza mwendo wakati wa kutoa. Kuna siku haisaidii hata chembe. Siku hizo natoka kutembea.

Mama Wawili:
Mpaka kwenye kiwiko, nimeijaribu sasa hivi. Asante.

Mchuaji Mpole:
Nyongeza kwa wanaojichua nyumbani: mguu mmoja ukivimba ghafla, una joto na shavu la mguu linauma, usiuchue. Inaweza kuwa damu iliyoganda kwenye mshipa. Hospitali kwanza.

mpitanjia:
Nimesoma yote, nafuta ile "kulipia kulala". Swali kwa @Shingo Ngumu: pale ulipoinua kidole kumjaribu, kama angechelewa kutoa mkono?

Shingo Ngumu:
Ningevaa viatu.