Watwa: watajwe kwa jina au wasitajwe?

MRIJA MREFU (mwanzisha mada)
Wakuu, salaam. Nimekulia kilimani, Burundi. Sisi na Rwanda tumeshika njia mbili tofauti kuhusu Watwa, ile jamii ndogo ya wafinyanzi na wawindaji wa zamani inayobaguliwa. Katiba yetu ya 2005, iliyotokana na Makubaliano ya Amani ya Arusha ya 2000, iliwataja kabisa: viti 3 bungeni, 3 seneti, na ile ya 2018 iliyoirithi ikaviacha. Rwanda haitaji kabila la mtu. Watwa huko wanaitwa "walioachwa nyuma na historia", na Rais akiteua maseneta wake anatakiwa awakumbuke. Njia ipi inamtoa Mtwa alipo?

Mimi naona zote zinazunguka mbuyu. Utotoni mwangu, kukiwa na harusi, pombe ya ndizi iliwekwa kwenye chungu kimoja kikubwa, mirija ikazamishwa humo, wazee wakanywa pamoja. Mtwa aliyekuja kucheza ngoma alipewa yake kwenye kibuyu, kule migombani. Na chungu chenyewe kafinyanga mkewe! Kazi ya mikono yake haikututia kinyaa, mdomo wake ndio ulitutia. Leo sufuria na madumu ya plastiki yameua soko la vyungu, na mabonde walikochimba udongo mengi yamelimwa mpunga. Riziki imekwenda, ubaguzi umebaki.

JIRANI WA GISENYI
Ndugu yangu, kwetu Rwanda, kwenye mauaji ya kimbari ya 1994, kabila lilisomwa kwenye kitambulisho pale kwenye kizuizi cha barabarani, na mtu akafa hapohapo. Usinirudishe huko. Maskini asaidiwe bima na ada kwa umaskini wake, basi.

MRIJA MREFU
Kwa hilo sina ubishi, na pole sana. Ila maskini wa kawaida ana kijishamba. Mtwa mara nyingi hana hata pa kuzika. Kwetu ubugererwa, ile kumlimia mwenye ardhi ili akuache ukae kwake, ulifutwa 1977, lakini nawajua wanaoishi hivyo mpaka leo. Ukihesabu maskini wote kwa jina moja, huyu humuoni.

DADA WA KABALE
Huku Uganda ni msitu. Bwindi na Mgahinga zilipofanywa hifadhi za taifa 1991, Watwa walitolewa. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ikakubali kwamba walidhulumiwa. Watalii wanalipa fedha nyingi kuona gorila. Mtwa anawachezea ngoma mlangoni apate chumvi. Hapo viti vya bunge vinasaidia nini?

MPITA NJIA
Vinasaidia kidogo, tusibeze. Mtoto wa Kitwa akimwona mwenzao kavaa suti bungeni, shule inakuwa na maana. Halafu kaka Mrija, unaongea vizuri mno. Dada yako akiletewa posa na Mtwa, mtapokea?

MRIJA MREFU
Umenishika. Baba angekataa, na mimi ningejifanya sikusikia. Ukoo mzima sijaona aliyeoa wala kuolewa kwao. Kwa hiyo nasema ardhi kwanza, yenye hati, kwa jina la mke na mume. Mengine ya moyoni siyajui yanatungiwa sheria gani. Kibuyu cha migombani sijakiona siku nyingi, ni kweli. Lakini siku hizi harusini kila mtu anapewa chupa yake ya bia, hivyo hakuna anayejua kama tumebadilika.