Vidonge vya majira hubadili nini kwenye presha, sukari na mafuta ya damu?

Kidodosi
Wakuu, naomba ufafanuzi. Mwanamke wa miaka 36, havuti sigara, anataka kuanza vidonge vya homoni mbili: estrojeni mikrogramu 30 na levonojestreli mikrogramu 150. Mama yake ana kisukari. Huyu anasema vinanenepesha, yule vinaleta sukari, mwingine vinajaza mafuta kwenye damu. Kweli ni ipi, na apime nini kabla ya kumeza cha kwanza?

Dirisha la Dawa
Presha kwanza, hiyo hairukwi. Aketi atulie dakika tano, mkono uegemezwe usawa wa moyo, apimwe mara mbili. Ikirudia kusoma 140/90 au zaidi, atafutiwe njia nyingine. Ikifika 160/100, vidonge hivi ni marufuku kwake.

Sababu iko kwenye ini. Estrojeni iliyomezwa hupita huko kabla ya kusambaa mwilini, na ini huitikia kwa kutengeneza zaidi angiotensinojeni (hiyo ndiyo inayosukuma presha juu), protini za kugandisha damu, na trigliseridi (aina ya mafuta ya damu). HDL, ile lehemu nzuri, nayo hupandishwa na estrojeni, ila levonojestreli huivuta chini. Kwa hiyo wawili wanaomeza "vidonge" wanaweza kurudi na majibu tofauti kabisa ya mafuta. Uliza aina ya projestini (homoni ya pili kwenye kidonge, kama hiyo levonojestreli) kabla ya kulinganisha.

Kwa asiye na historia ya mafuta mengi, kupima lehemu si lazima. Lakini trigliseridi zikizidi 500 mg/dL, estrojeni ya kumeza inaweza kuzipandisha hadi kongosho livimbe. Hapo usijaribu. Kipimo chenyewe akifanye asubuhi, akiwa hajala kwa saa 9 hadi 12.

Sukari Shwari
Naongeza kwenye sukari. Hofu hii haikutoka hewani. Enovid, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1960 kuzuia mimba, kilikuwa na mikrogramu 150 za estrojeni na karibu miligramu 10 za projestini. Linganisha na hizo 30 za leo! Vya sasa vinaweza kupunguza kidogo usikivu wa mwili kwa insulini, lakini kwa asiye na kisukari sukari ya kufunga (inayopimwa kabla ya kula) kwa kawaida hubaki mahali pake. Mama kuwa na kisukari hakumzuii.

Nani apimwe sukari? Mwenye uzito mkubwa, aliyewahi kupata kisukari cha mimba, au mwenye PCOS (tatizo la homoni na ovari zenye vifuko vingi). Kwa PCOS napendelea kipimo cha kunywa gramu 75 za glukosi na kupimwa tena baada ya saa mbili, kwa sababu sukari ya kufunga peke yake huwaficha wengi. Mwenye kisukari tayari anakatazwa vidonge hivi ikiwa figo, macho au mishipa ya fahamu imeathirika, au ameishi nacho zaidi ya miaka 20.

Unene: majaribio hayajaonyesha ongezeko kubwa kwa vidonge vya homoni mbili. Ya kuangaliwa ni sindano ya miezi mitatu. Aliyeanza na kilo 60 akaongeza zaidi ya 3 ndani ya miezi sita, huenda akaendelea kuongezeka.

Benchi la Maabara
Mwambieni daktari na maabara kwamba anameza vidonge. Estrojeni huongeza protini zinazobeba homoni kwenye damu, kwa hiyo T4 ya jumla (homoni ya tezi ya shingo) na kotisoli (homoni ya msongo) husoma juu bila ugonjwa wowote. Kwa tezi ya shingo ombeni TSH (homoni inayoiamuru tezi hiyo) na T4 huru, ile isiyobebwa na protini.

Kidodosi
Na presha ikipanda akiwa ameshaanza?

Dirisha la Dawa
Ndiyo maana arudi kupimwa baada ya miezi mitatu, kisha kila mwaka. Ikipanda, ahamie vidonge vya projestini pekee, maana haviligusi ini kwa namna ile. Presha mara nyingi hushuka ndani ya wiki chache. Asiache pakiti nusu na kukaa bila kinga. Na saa ni muhimu zaidi huku: levonojestreli ya mikrogramu 30 ikichelewa zaidi ya saa tatu, atumie kondomu kwa siku mbili huku akiendelea kumeza; desojestreli ya 75 inavumilia hadi saa 12.