Tupeane uzoefu: grafu ya V ilikuingiaje akilini?

Habari zenu wakuu. Nafundisha tuisheni ya hesabu hapa Majengo, Moshi. Kila mwaka vijana wanakwama kwenye grafu za thamani kamili, zile za vistari viwili vya wima. Kwamba |−4| ni 4, hilo wanalijua vizuri. Ukiwapa y = |x − 3| + 1, wanachora jedwali la x kuanzia 0 mpaka 2, wanapata 4, 3, 2, wanaunganisha nukta. Mstari unashuka umenyooka, wanafunga daftari. Nusu nzima ya grafu imebaki nje!

Siku hizi hakuna jedwali kabla ya kujua mstari unakunja wapi. Nauliza: x ikiwa ngapi, ndani ya vistari panabaki sifuri? Ni 3, na y inakuwa 1. Nukta (3, 1) inawekwa kwanza, kisha namba mbili kushoto na mbili kulia. y zinakuja 3, 2, 1, 2, 3. Wakiona zimeshuka zikapanda, V wanaitamka wenyewe. Nyie mlielewaje?

Mdau wa Sakina, Arusha: Mwalimu wetu alitumia basi la Arusha kwenda Moshi. Tuseme Usa River iko kilomita 20. Ukiwa kilomita ya 10, imebaki 10, ukifika, sifuri, ukiwa kilomita ya 35, umeipita kwa 15. Umbali hauwi hasi hata ukishapita. Hiyo ni y = |x − 20|, ndiyo maana kutoa 20 kunasogeza V kulia.

Mzazi, Njiro: Binti yangu aligomea y = −2|x|, eti jibu haliwezi kuwa hasi. Kaka yake akamwambia vistari vinashughulika na kilichomo ndani tu, −2 iko nje. Akajaribu 1 na −1, zote zikampa −2. V ikapinduka, tena imebana kuliko ile ya |x|.

Mdau wa Pasua: Rula jamani! Wengi wanaviringisha ncha kama parabola, ule mkunjo wa y = x².

Mwanzisha mada: Shukrani, ya basi naichukua. Kuna anayefundisha |x − 2| = 5 kwa grafu? Mimi nachora V, nakatisha mstari y = 5, wanasoma −3 na 7. Shida inakuja kwa |x − 2| < 5, wanachanganya x za kati ya −3 na 7 na zile za pembeni. Mwenye njia alete.