MJADALA: Mgombea urais tumpimeje fedha za nchi zinapotikisika? Tuanze na McCain na Obama, Septemba 2008

Mwanzisha mada:

Wadau, habari za jioni.

Jana kwenye kahawa pale Magomeni Mapipa tulibishana mpaka birika likaisha. Mzee mmoja ninayemheshimu alisema mgombea urais hana mamlaka ya dola, kwa hiyo nchi ikipata mtikisiko wa fedha katikati ya kampeni huwezi kumpima kwa lolote. Subiri aingie Ikulu. Nilikataa. Magharibi ikaadhiniwa tukatawanyika kabla sijamaliza, ndiyo maana naileta hoja hapa.

Mfano wangu ni Marekani 2008, kwa sababu wagombea wawili walikutwa na moto mmoja, wiki moja, na sote tuliona. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Mdahalo wao wa kwanza ulianza ikiwa huku Dar ni saa kumi alfajiri ya Jumamosi, na nyumbani kwetu tuliuangalia tukila daku. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiuliza jambo moja tu: "Huyu mzee aliyesema haji, mbona amekuja?"

Kwa ambao walikuwa wadogo, nawakumbusha. Jumatatu ya tarehe 15 Septemba benki ya Lehman Brothers ilitangaza kufilisika. Siku hiyo hiyo John McCain, akiwa Jacksonville, Florida, aliwaambia wananchi kwamba misingi ya uchumi wao ni imara. Kesho yake Benki Kuu ya Marekani ikaiokoa kampuni ya bima ya AIG kwa mkopo wa dola bilioni 85. Alhamisi McCain akasema Christopher Cox, mwenyekiti wa tume inayosimamia masoko ya mitaji, anastahili kufukuzwa kazi. Jumatano iliyofuata, tarehe 24, akatangaza kwamba anasimamisha kampeni, anarudi Washington kusaidia kupata mwafaka juu ya mpango wa dola bilioni 700 wa kuokoa mabenki, na mdahalo wa Ijumaa uahirishwe. Barack Obama akajibu kwamba rais hulazimika kushughulikia mambo zaidi ya moja kwa wakati mmoja, na kwamba mdahalo uendelee.

Tarehe 25 Rais Bush akaitisha kikao Ikulu, kwa ombi la McCain. Wakuu wa vyama vyote viwili bungeni walikuwapo, Obama alikuwapo, na Waziri wa Fedha Henry Paulson. Wabunge wengi wa Republican, chama cha McCain mwenyewe, hawakuutaka mpango wa Paulson. Kila aliyekuwa mle ndani alikuwa akingoja asikie McCain yuko upande gani. Alikaa kimya sehemu kubwa ya kikao, na alipozungumza hakuonyesha msimamo. Kikao kikavunjika kwa maneno makali. Kesho yake akapanda ndege kwenda Mississippi kwenye mdahalo ule ule, na mwafaka bado haujapatikana.

Kwenda Washington hakukuwa kosa. Kosa ni kwenda mikono mitupu. Huku kwetu mtu akiitwa kusuluhisha ugomvi wa mirathi, hufika akiwa ameshapita kwa shangazi na kwa wajomba, anajua nani anashikilia nyumba na nani anataka tu aombwe radhi. Akiingia ukumbini ndipo anauliza kulikoni, huyo amekuja kuonekana.

Jumatatu ya tarehe 29, sisi huku ikiwa yapata saa tatu usiku, Baraza la Wawakilishi likaukataa mpango kwa kura 228 dhidi ya 205. Republican walioukubali ni 65, waliokataa 133. Wabunge wote wanane wa Arizona, jimbo la McCain, wa vyama vyote viwili, walipiga kura ya hapana. Siku hiyo kipimo cha hisa cha Dow Jones kiliporomoka pointi 777. Upande wa Obama nako kulikuwa na kura 95 za hapana, sitaficha. Lakini siku zilizofuata Obama alishika simu akaongea na wabunge weusi waliokuwa wamekataa, na Elijah Cummings wa Maryland ni mmoja wa waliobadili kura. Tarehe 3 Oktoba mpango ukapita, 263 kwa 171.

Kwa hiyo jibu langu kwa mzee wa Mapipa: kweli mgombea hana mamlaka ya dola, lakini ana chama chake. Mpime kwa hilo. Je, anaweza kuwaendea watu wake mwenyewe, wale wanaompenda, akawaomba wafanye jambo wasilolitaka, na wakalifanya? Utulivu wa sura na ukali wa sauti kwangu havina uzito.

Nawasilisha.

Mchangiaji, Ilala:

Mkuu, umemwonea McCain, mzee wa watu. Mei 2006, mambo yakiwa shwari bado, McCain alijiunga na muswada wa kuzibana Fannie Mae na Freddie Mac, mashirika mawili makubwa ya mikopo ya nyumba. Muswada haukupita. Septemba 2008 serikali ikalazimika kuyachukua yote mawili chini ya uangalizi wake. Sasa aliyeona mbali ni nani?

Halafu tazama mazingira. Chama chake ndicho kilichokuwa Ikulu, kila benki iliyoanguka ilihesabiwa kwake. Angeweza kubaki kwenye mikutano akapiga porojo. Alikubali kuweka rehani kampeni yake. Wakati huo Obama alikuwa Clearwater, Florida, akijiandaa na mdahalo. Utulivu wa mtu ambaye upepo unamsukuma kutoka nyuma unapima nini? Mimi naona tulimsifu nahodha ambaye bahari haikumgusa.

Mwanzisha mada:

Ndugu wa Ilala, la 2006 nalikubali, na haki ilinitaka nilitaje mapema. Obama naye alitoa hotuba New York Machi 2008 kuhusu kurekebisha usimamizi wa mabenki, kwa hiyo wote wawili walikuwa na maneno ya akiba. Lakini hiyo 2006 kwangu inamzidishia mzigo. Mtu aliyeiona hatari miaka miwili kabla, siku Lehman inaanguka anasimamaje kuwaambia watu misingi ni imara?

Na kuhusu kuweka rehani kampeni: alitangaza dharura tarehe 24 mchana akiwa New York. Akalala huko huko. Asubuhi ya tarehe 25 akahutubia mkutano wa taasisi ya Bill Clinton, kisha akafika Washington mchana. Mwenye mgonjwa mahututi hapiti kwenye hafla.

Mchangiaji, Mbagala:

Wanangu, Washington siijui. Nalijua sanduku lenye kufuli tatu.

Kikundi chetu cha vikoba kiliwahi kuyumba wiki mbili kabla ya Idi. Wanachama watatu walikuwa wamekopa na hawajarejesha, ukazuka uvumi kwamba sanduku ni tupu, basi kila mtu akataka chake siku moja. Na ilikuwa tunakaribia kuchagua mwenyekiti. Wagombea walikuwa wawili. Wa kwanza alisimama kikaoni akalia na sisi, akasema mweka hazina aondolewe leo leo. Wa pili hakusema kitu kikao kile. Alichukua daftari la mikopo akawaendea wadaiwa nyumba kwa nyumba, mmoja alihamia Kongowe akamfuata huko huko. Kikao kilichofuata akaja na hesabu: fulani anadaiwa kiasi hiki, ameahidi kulipa lini, mdhamini wake nani. Akatuomba mgao usogezwe miezi miwili. Tulinuna. Mimi nilikuwa nimeshaahidi watoto nguo.

Tukamchagua wa kwanza. Na mimi kura yangu nilimpa. Mweka hazina akaondolewa, akawekwa mwingine, na madeni yakabaki pale pale, kwa sababu aliyeondolewa hakuwa ndiye anayedaiwa. Niliposoma habari ya huyo Cox nimekumbuka mweka hazina wetu.

Kwa hiyo, baba, kipimo chako sina tatizo nacho. Tatizo ni sisi wapimaji. Mtu akiwa na hofu anamtafuta anayelia kama yeye.

Mchangiaji, Sinza:

Samahani kwa wote, naona mnapima uhodari wa kubeba gunia bila kufungua kuona ndani mna nini.

Rasimu ya kwanza ya Paulson ilikuwa na kurasa tatu tu. Iliomba mamlaka ya kutumia dola bilioni 700, na ikataka maamuzi ya waziri yasiweze kuhojiwa mahakamani. Hata kikao cha wanahisa wa daladala tatu hakipitishi kitu cha namna hiyo. Wale wabunge 133 ambao ndugu mwanzisha mada anawataja kama watu walioshindikana, wengi wao walikuwa wakisikiliza simu za wapiga kura waliokasirishwa na mpango huo.

Na nini kilifuata? Tarehe 8 Oktoba Gordon Brown wa Uingereza akatangaza kwamba serikali yake itaingiza mtaji moja kwa moja kwenye mabenki na kuchukua hisa. Tarehe 14 Paulson naye akageuka, akatenga dola bilioni 250 kufanya vivyo hivyo. Yaani Bunge lilisukumwa kupitisha mpango wa kununua mikopo mibovu, wino haujakauka, fedha zikaenda njia nyingine. Zilizoingia kwenye mabenki zilirudi na ziada, sawa. Lakini mpango wa Februari 2009 uliolenga kunusuru nyumba za familia milioni 3 hadi 4 haukufikia lengo, na Oktoba 2009 ukosefu wa ajira ulifika asilimia 10.

Kuwashawishi watu wako wabadili kura ni ufundi. Ufundi huo huo unaweza kutumika kuwapeleka watu shimoni. McCain na Obama wote walipiga kura ya ndiyo Seneti, baraza la pili la Bunge lao, tarehe 1 Oktoba. Kwangu mimi wote walifeli mtihani, na mnajadili nani alifeli kwa adabu.

Mwanzisha mada:

Dada au kaka wa Sinza, nimekaa na maneno yako tangu asubuhi. Umenisahihisha mahali. Kipimo changu kilikuwa na mguu mmoja. Kuwashawishi watu wako hakutoshi bila kuuliza unawashawishi kwa lipi, na nani analipa. Kurasa zile tatu hazikubaliki hata kwangu, na ni heri Bunge lilizipanua na kuweka usimamizi kabla ya kura.

Lakini siwezi kukufuata hadi mwisho. Usiku wa tarehe 25, saa chache tu baada ya kikao kile kuvunjika, wasimamizi waliifunga benki ya Washington Mutual, na hakuna benki kubwa kuliko hiyo iliyowahi kuanguka Marekani. Kungoja nako kuna bei, na anayelipa si lazima awe na kura kule. Binamu yangu alikuwa akinunua pamba Shinyanga msimu ule. Alinunua kwa wakulima kwa bei ya mwanzo wa msimu, soko la dunia likaanguka pamba ikiwa ghalani. Aliuza baiskeli, akauza shamba la mpunga, na mpaka leo hajarudi alipokuwa. Machi 2009 wakuu wa fedha wa Afrika walikutana na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, hapa hapa Dar kuzungumzia jinsi ya kujinusuru, na Juni Rais Kikwete akatangaza mpango wa shilingi trilioni 1.7, ambao ndani yake ulikuwamo msaada kwa walionunua pamba wakauza kwa hasara. Kwa hiyo ninaposema kiongozi awahi, simfikirii mwenye benki wa New York. Namfikiria yule wa Shinyanga.

Na ndugu wa Ilala, nahodha wako nimemfikiria pia. Ni kweli upepo ulimsaidia Obama. Lakini zile simu kwa wabunge waliokataa hazikupigwa na upepo.

Mama wa Mbagala, shikamoo. Yule wa daftari bado yumo kwenye kikundi?

Mchangiaji, Mbagala:

Marahaba baba. Yumo. Uchaguzi wetu ni Desemba, nimemfuata mara mbili kumwomba agombee tena. Anasema yule wa Kongowe amebakiza marejesho mawili, akimaliza ndipo tuongee.