Umeme ukikatika Ukerewe, sisi wamisionari wageni tufanyeje?

Muulizaji: Bwana Yesu asifiwe. Mimi na mke wangu tumetoka Kenya kuhudumu Nansio, na umeme unapokatika usiku kucha, sato tunaowanunua mwaloni huharibika, na ibada ya jioni hukosa kipaza sauti. Wenzetu mnafanyaje?

Mama Mchungaji, Sengerema: Amina, karibuni. Msifungue friji ovyo, kwa kuwa likiwa limefungwa hutunza ubaridi kwa takriban saa 4. Sato waliobaki wabanikeni mapema. Kipaza sauti, kusema kweli, waumini huimba vizuri bila hicho.

Fundi, Kirumba: Betri ya sola ya maji ya asidi isitumiwe hadi chini ya nusu ya chaji, la sivyo itakufa mapema. Friji nalo lichomoeni, kwani umeme unaporudi ghafla ndipo vyombo huungua.

Muulizaji: Asante, fundi. Letu limekwisha kuungua.